Nani Avae Ovaroli ya Fundi Mwakalobo

Sogeeni, na mwenye kazi aiweke kando kidogo, maana hadithi hii haina mwisho mpaka ninyi mnaosikiliza muimalizie.

Fundi Mwakalobo, mwenye mashine ya kusaga, aliacha mabinti watatu. Subilaga, mkubwa, alijaliwa pua. Akipita tu nje ya jiko angekwambia maharage yameanza kushika chini, na mpishi mwenyewe hajajua. Lugano, kitindamimba, alijaliwa sikio. Pikipiki ikiwa bado ng'ambo ya mto, yeye alishataja ni ya nani. Katikati yao alikuwa Sekela, aliyejaliwa mikono. Baba yao alipoanza kuugua na hendeli ya kuwashia jenereta la mashine ikamshinda, Sekela ndiye aliyeachishwa shule, akiwa kidato cha pili, awe anamzungushia.

Mnadhani alisifiwa kwa mikono hiyo? Hata kidogo. Baba angesema mbele za wageni, "Pua ya Subilaga ni dhahabu. Na sikio la Lugano, acha kabisa!" Kisha angegeuka, "Sekela mwanangu, hebu zungusha." Naye alizungusha, na zile sifa za wenzake zikamkaa kooni kama kiazi kilichomezwa bila maji.

Umeme ulipofika kijijini, mashine ikaunganishwa kwenye nguzo, na jenereta likafunikwa turubai kibandani kwake. Baadaye Fundi akafariki. Ovaroli yake ya buluu ikabaki imetundikwa msumarini, na mama akawa anaendesha mashine mwenyewe, kwa sababu mashine ya umeme ni kubonyeza tu.

Ndipo transfoma ya kijiji ikaungua, tena mahindi mapya yakiwa yameshapukuchuliwa. Wanawake wakaja na ndoo zao, wakapanga foleni, wakangoja. Mama akaitoa ovaroli msumarini.

"Jenereta la baba yenu halijawashwa miaka," akawaambia mabinti zake. "Atakayeliamsha ataivaa hii. Akishaivaa, yeye ndiye Fundi. Mashine ataiendesha yeye, na wenzake watamwita hivyo hivyo, hata akiwa mdogo kwao."

 Ovaroli ile Sekela aliitamani tangu baba yake akiwa bado yumo ndani yake.

Subilaga alifungua tangi akainusa dizeli mara moja tu. "Hii imeoza," akasema. "Inanuka kama rangi ya zamani ya milango. Na chini kuna maji." Akafungua nati ya chini, na kweli, maji yakatangulia, kisha matope meusi kama ugoro. Akamwaga yote, akaosha tangi na chujio, mikono ikamuwasha mpaka kwenye viwiko, akatia dizeli mpya.

"Marehemu aliacha fundi, kumbe!" akapiga kelele Mama Ambakisye kutoka kwenye foleni. "Mwenye macho na aone!"

Wakati huohuo Sekela alikuwa amekumbuka jambo. Baba yao, kila alipojua jenereta litakaa muda mrefu bila kazi, alikuwa akiziba mdomo wa bomba la moshi, uliochomoza nje ya kibanda, kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa chenye oili, ili mvua isiingie na manyigu wasijenge. Mara ya mwisho hakuwa na nguvu za kusimama, akamtuma Sekela. Sekela akalipigilia gunzi kwa spana mpaka likazama lisionekane. Subilaga wakati huo alikuwa kwa mumewe, na Lugano alikuwa shuleni. Hakuna mwingine aliyejua.

Angeweza kusema. Mdomo ulishafunguka kabisa. Lakini aliposikia "Marehemu aliacha fundi," akaufunga.

Lugano akachutama, akaweka sikio karibu na nozeli, pale mafuta yanapoingilia injini. "Dada Sekela," akasema, "hebu zungusha."

Maneno yaleyale ya baba, na sauti ileile! Sekela akazungusha huku ameuma meno.

"Basi, acha. Nozeli ikipata mafuta hulia kama mlango wenye kutu. Hii imenyamaza. Kuna hewa kwenye bomba la mafuta." Lugano akalegeza nati, akapampu kwa kidole gumba, mapovu yakatoka yakichemka, akaendelea mpaka dizeli ikaja tupu, bila povu hata moja. Akakaza nati. Sekela alipozungusha tena, nozeli ikalia krii, krii.

Vigelegele! "Katoto haka kanasikia mpaka chuma!" alisema Mama Ambakisye, akacheza na ndoo yake tupu kichwani.

Sasa ikabaki kuwasha. Sekela akazungusha kwa nguvu zake zote. Jenereta likakohoa, likapaliwa, likanyamaza. Akarudia. Likapaliwa tena.

"Mkono umechoka, mwanangu," mama akamwambia. "Mpishe Ambakisye."

Ambakisye, kijana wa miraba minne, akaikamata hendeli. Jenereta likakohoa, hendeli ikarudi nyuma kwa kishindo, ikamtupa kwenye lundo la pumba. Foleni nzima ikacheka. Mama yake ndiye aliyecheka zaidi. "Inuka, mwanaume! Umeolewa na pumba?"

Mama wa mabinti hakucheka. Alikuwa ameanza kuikunja ovaroli. "Basi. Nitamwita fundi wa mjini. Akiliamsha, nitamkodishia mashine. Tutafanyaje?"

Hapo Sekela akaona wote watatu watabaki mikono mitupu. "Mama, subiri."

Akachukua waya mnene, akaupinda ncha, akauingiza kwenye bomba la moshi, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Gunzi likatoka, jeusi. Ndani ya bomba kulikuwa kukavu, hakuna nyigu wala chembe ya kutu. Akarudi kwenye hendeli, akazungusha, akazungusha, moshi mweusi ukaruka juu, na jenereta likaanza kunguruma hata mabati ya kibanda yakacheza.

Foleni ilishangilia. Dada zake hawakushangilia.

"Ulijua?" Lugano akamuuliza, ikabidi apaaze sauti.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu dada anamwaga matope."

"Nami nikawashwa mikono, wewe unanitazama!" Subilaga akasema. "Tena hata ungelitoa gunzi lako alfajiri, jenereta lingewaka kwa mafuta yaliyooza? Mimi ndiye niliyeliponya."

"Mafuta mazuri yasingefika kama nisingesikiliza," alisema Lugano. "Na mimi sikumficha mtu kitu."

Sekela akajibu. "Ni kweli nilinyamaza. Ningesema mapema, ningeambiwa nini? 'Haya, Sekela, zungusha.' Lakini mvua za miaka yote hii hazikuingia kwa sababu ya gunzi langu. Maji yangeingia, hapa pasingekuwa na kitu cha kunusa wala cha kusikiliza. Na hata Ambakisye ameanguka. Nani mwingine angelizungusha?"

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Foleni nayo ikagawanyika. Mama Ambakisye alisema wazi kwamba mtu mwenye husuda hakabidhiwi mashine ya watu. Wa nyuma yake akamjibu kwamba aliyeacha shule kwa ajili ya jenereta hilo alishalilipia. Bibi mmoja akasema jamani, sageni kwanza, wajukuu wana njaa.

Lakini mama hakutaka kuanza kusaga kabla ovaroli haijapata mwenyewe. Akaikunjua, akaishika mabegani, akainyanyua, akasimama nayo mbele ya mabinti zake watatu.

Je, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, ungemvisha nani?