Kiazi cha Kwanza cha Sufuria

Wapendwa, hebu wekeni simu chini kidogo, niwape habari za mama mmoja muuza viazi. Kila alfajiri sufuria yake iko jikoni: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, na ndizi mbivu pembeni. Kukipambazuka yuko karibu na shule, na akina mama wamepanga foleni wakiwanunulia watoto wao cha kula saa nne. Viazi vyake, jamani! Mtu alikuwa anaramba mpaka vidole.

Sasa binti yake mwenyewe, wa darasa la tatu, alibeba nini? Krispi za pakiti na juisi ya rangi, ile inayoacha ulimi mwekundu. Kila siku ya Mungu. Maana mama yule utotoni alichekwa shuleni kwa sababu ya kiazi alichofunga kwenye kitambaa, akaapa: "Mwanangu achekwe nilivyochekwa mimi? Thubutu!" Akajinyima vitenge, lakini krispi hazikukosekana. Mimi simlaumu, alimpenda mwanawe.

Basi mtoto akaanza kusinzia darasani. Ikifika saa tano, kichwa kiko juu ya dawati. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba akiendelea hivyo atarudia darasa. Mama akalia, akafunga na kuomba siku tatu, kisha akaongeza pakiti ya pili ya krispi.

Baada ya mwezi akaitwa shuleni. Alikwenda, akamkuta binti yake amesimama kando ya mwalimu.

"Mama, mtoto huyu amebadilika," mwalimu akasema. "Siku hizi hasinzii kabisa, na hesabu anawafundisha wenzake. Hebu niambie, unampa nini?"

Mama akashusha pumzi, akainua shingo. "Namnunulia vitu vya dukani, mwalimu. Mwanangu simnyimi kitu."

Mtoto akaangua kilio. "Nisamehe, mama. Zile krispi nampa mwenzangu ninayekaa naye. Yeye ananipa viazi na yai. Mama yake huwa ananunua kwako."

Mwalimu akashika kichwa. "Kumbe! Ndiyo maana mwenzake naye ameanza kusinzia!"

Mnacheka? Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto. Alikuwa amelisha watoto wa mtaa mzima akamruka wa kwake. Kesho yake, kabla ya mteja wa kwanza, akatoa kiazi cha kwanza cha sufuria, yai na ndizi, akafunga makopo mawili. Moja la binti yake. La pili akampelekea yule mwenzake, na hakuacha mpaka naye alipochangamka.

Ndugu zangu, mama yule ni sisi. Mgeni akija tunamchagulia papai lililoiva vizuri, mtoto tunamtupia pakiti aondoke. Hata maneno ni hivyo hivyo: matamu tunayapeleka kwa watu, makali tunayabakiza nyumbani. Nani alitudanganya kwamba kiazi ni aibu? Mungu aliyekiotesha hakukionea aibu!

Kesho asubuhi, kabla hujamtuma mtu dukani, funua sufuria yako mwenyewe. Anza na wa kwako. Mtoto wako asiende kutafuta kwa jirani kile kilichoiva jikoni kwako.