Uzito wa Debe

"Aliyekulia mferejini hajui uzito wa debe."

Mmeambiwa hivyo leo bombani mlipoacha maji yakimwagika, na sasa mnaniuliza methali hii imetoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilianzia ua huu huu, na wa kwanza kukosea nilikuwa mimi.

Niliolewa huku tambarare nikitoka milimani Upare, ambako mfereji ulipita nyuma ya jiko letu. Kule hunywi kabla ya kusuuza kikombe na kumwaga maji ya kwanza, ndiyo heshima. Mlio wa mfereji ule ninaukosa hadi leo.

Mama mkwe wangu, Nanzia, aliponipa maji, nikasuuza, nikamwaga uani. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu, huku hatumwagi."

Nikamwona mchoyo. Kesho yake aliniwekea ngata kichwani, tukaondoka jogoo wa kwanza kwenda kisima cha mchangani, kwenye mto uliokauka. Tulichota kwa kata, kidogo kidogo, hadi kila mmoja akajaza debe lake. Tulirudi adhuhuri, shingo imekakamaa. Nililia, nikamtumia baba salamu kwa muuza ndizi: njoo unichukue.

Baba alichelewa miezi miwili. Alipofika, nilishazoea kunawa uso kwa konzi moja ya maji, na maji ya kuoshea mboga kuwapa mbuzi. Nanzia akamletea maji, kikombe kimejaa pomoni. Baba akakisuuza, akainua mkono amwage.

Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika baba yangu vile.

"Yanywe, baba. Mama ameyafuata tangu alfajiri."

"Tangu lini unanifundisha kunywa maji?"

"Nisamehe. Aliyekulia mferejini hajui uzito wa debe. Hata mimi sikuujua."

Nanzia akainamisha macho. Baba akanywa yote, taratibu, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Hakuniuliza kama nimefungasha.

Alfajiri akaja nasi kisimani. Siku hizo mwanamume kubeba maji ilikuwa kichekesho, na wanawake pale walimcheka mpaka wakashika mbavu. Njiani, debe kichwani, alipumzika mara nne. Kila aliyemuuliza, "Mzee, vipi tena?" alijibiwa maneno yangu yale yale, naye akitabasamu huku jasho likimtoka. Ndivyo yalivyoenea vijijini.

Siku ya tatu akapanda mlima peke yake. Tangu hapo, nyumbani kwetu milimani, maji ya kusuuzia kikombe aliyamwaga kwenye shina la mgomba, kamwe si uani. Wadogo zangu wakishangaa, aliwaambia:

"Aliyekulia mferejini hajui uzito wa debe. Mimi nimelibeba."