Kiapo cha Kasanda na Kijiti cha Masolo

Kiapo si kijiti. Hivyo ndivyo nilivyomwambia fundi umeme asubuhi, alipokuwa akiniapia kwamba amekwisha kata umeme na mjukuu wangu anaweza kushika waya. Nikamwambia awashe taa kwanza nione kama itawaka. Fundi akanuna, ninyi mkacheka, na sasa mnataka kujua kijiti ni kipi na kiapo kilikuwa cha nani. Vizuri. Endeleeni kubangua karanga, mikono isilale, masikio yatafanya kazi yake. Methali hii ilianzia relini, hapa hapa kwetu, na wala haikuanza kwa sababu ya mtu mwongo. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Mnajua kwamba kati ya Chibwe na Masolo kuna njia moja tu ya reli. Chibwe iko bondeni, Masolo iko mlimani, na njia inapanda ikijipinda kuufuata mlima, hata dereva haoni zaidi ya kona iliyo mbele yake. Treni inayopanda na inayoteremka zinatumia reli hizo hizo, na zikikutana katikati hakuna pa kukwepea. Zamani kabisa wakuu wa stesheni walikuwa wakipeana ruhusa kwa maneno ya simu tu. Huyu anasema njia ni nyeupe, yule anajibu amesikia, treni inaondoka. Maneno hayo yaliwahi kuua watu. Makaburi yao yako kwenye kona ya chini ya Masolo, na wachunga mbuzi huyapita kila siku.

Ndipo zikaletwa zile mashine nyekundu, moja Chibwe, nyingine Masolo, zimeunganishwa kwa waya uliopita juu ya nguzo. Ndani ya kila mashine vilisimama vijiti vya chuma, unene wake kama mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu. Dereva haruhusiwi kuondoka bila kijiti mkononi. Na kijiti hakitoki hivi hivi. Mkuu wa Chibwe anapiga kengele, mkuu wa Masolo kule juu anabonyeza kitufe chake, umeme unapita kwenye waya, kufuli la ndani linaachia, kijiti kinachomoka. Kikishachomoka, mashine zote mbili zinajifunga. Piga, bembeleza, tukana ukipenda, hazitoi kijiti cha pili mpaka kile cha kwanza kirudishwe ndani ya mojawapo. Kijiti kimoja nje, chombo kimoja njiani. Aliyebuni kitu kile alikuwa anawajua binadamu.

Dereva wa habari hii aliitwa Chilongani Mlewa. Alikuwa Mgogo mrefu, mpole wa maneno, mtu wa kumaliza chakula chake kabla ya kujibu swali. Alikuwa safarini na treni ya abiria alipopata habari kwamba baba yake, mzee Mlewa, amefariki nyumbani Masolo. Kwa bahati treni ile ile ndiyo iliyokuwa ikipanda Masolo, basi wazee wakasema watamngoja. Yeye ndiye kifungua mimba, na kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Lakini ulikuwa mwezi wa joto kali, na wazee walikwisha sema kwamba jua halitazama marehemu akiwa bado ndani. Chilongani akifika, atamzika baba yake. Asipofika, atamzika mwingine.

Sasa msiba wa Mgogo bila Wanyamwezi ni msiba uliopooza. Ni watani wetu tangu enzi za misafara, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo siku nyingine yangemtia mtu matatani. Siku ile watani waliingia nyumbani kwa mzee Mlewa asubuhi na mapema. Walitwaa jembe la kuchimbia kaburi wakadai kuku. Wakatwaa kigoda cha marehemu, mmoja akakikalia akikohoa kama marehemu alivyokuwa akikohoa, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Hata Bwana Mloka, mkuu wa stesheni ya Masolo, alipokwenda kutoa pole walimvua kofia yake ya kazi, akarudi ofisini kichwa wazi.

Kumbukeni hiyo ruhusa ya watani, maana ndiyo iliyotaka kuleta maafa.

Treni ya Chilongani iliingia Chibwe mchana. Mkuu wa stesheni pale alikuwa Kasanda, Mnyamwezi, mtani wake na rafiki yake wa miaka mingi. Alikwisha sikia habari za msiba, akampa pole kwa dhati, bila mzaha wowote, akaenda mbio kwenye mashine ili asimcheleweshe. Akapiga kengele. Kule juu Bwana Mloka akabonyeza kitufe. Kasanda akavuta kijiti, kijiti kikagoma. Akapiga tena, akavuta tena. Mashine ilikuwa imefungwa.

Akachukua simu kumuuliza Mloka kuna nini njiani. Mloka akashangaa. Alisema hakuna kitu njiani. Treni ya asubuhi ilipanda kutoka Chibwe, yeye mwenyewe aliiona ikiingia na kuondoka kwa macho yake. Ni kweli kwamba mfanyakazi aliyekipokea kijiti chake hakukirudisha kwenye mashine. Alikitundika kwenye msumari ukutani, kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda msibani kama kila mtu. Mloka akautazama msumari, hakuna kijiti. Akapapasa kichwa chake kisicho na kofia, akacheka kwenye simu. Akasema watani hao wamekitwaa, wamekipeleka msibani pamoja na jembe na kigoda, na bila shaka wanataka kuku mwingine.

Mnaona jinsi lilivyokaa vizuri? Mimi ningekuwa Mloka ningeamini vivyo hivyo. Kasanda naye aliamini, tena yeye zaidi, kwa kuwa aliwajua ndugu zake.

Kanuni ilisema kijiti kikipotea, lazima mtu atembee kwa miguu njia nzima kuikagua, ndipo treni iruhusiwe. Kutembea kutoka Chibwe mpaka Masolo, kupanda mlima ule, ni kazi ya mchana kutwa. Kasanda alitazama jua, akamtazama rafiki yake, akamhurumia. Akamfuata kwenye injini akamweleza yote, kisha akamwambia aende. Chilongani akamwuliza kijiti kiko wapi. Kasanda akamwambia si amekwisha sikia, kiko msibani kwao.

"Nani amekiona huko?" Chilongani akauliza.

"Hakuna aliyekiona. Lakini Mloka aliiona treni ya asubuhi ikifika, na baada ya hiyo hakuna treni iliyotoka kwake wala kwangu. Mtani wangu, nakuapia kwa kaburi la baba yako linalochimbwa sasa hivi, njia ni nyeupe."

Kiapo cha namna hiyo hakiapwi ovyo. Abiria waliokuwa wameteremka kunyoosha miguu walisogea karibu wasikie. Chilongani alimshika Kasanda bega.

"Kiapo chako nimekipokea," akasema. "Najua hunidanganyi. Lakini kiapo si kijiti. Tuma mtu akague njia."

"Akifika huko watu wameshatoka makaburini."

"Najua."

Akashuka kwenye injini, akaketi kwenye ngazi yake.

Ndani ya treni ile alikuwamo shangazi yake, Bi. Matika, dada wa marehemu, naye alikuwa akienda kuzika. Huyo mama hakuwa na breki ya mdomo. Aliteremka kutoka behewa lake akamjia na kanga imefungwa kiunoni, akamwambia mbele ya watu wote kwamba baba yake alimsomesha, akamtafutia kazi hiyo hiyo ya reli, na leo anamwacha azikwe kama mtu asiyezaa kwa ajili ya kipande cha chuma. Akamwuliza kama ni mwoga. Abiria wakaitikia, kila mtu na lake. Wapo waliosema dereva ana kiburi, na wapo waliosema wafanyakazi wa reli wamelogwa na Wazungu.

Chilongani aliacha mpaka shangazi akaishiwa pumzi.

"Shangazi, marehemu hana haraka," akamjibu. "Wenye haraka ni sisi. Na hawa walio kwenye mabehewa hawakufiwa na mtu."

Kisha alilia. Msidhani alikuwa mtu wa chuma. Alilia waziwazi, uso ameufunika kwa kofia yake, na Bi. Matika alipoona hivyo akaketi chini kando ya reli, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu. Kasanda alikuwa amekwisha mtuma mtu aikague njia. Yule mtu alikuwa anaanza tu kuvuka daraja la nje ya stesheni waliposikia kuimba.

Sauti zilitoka mlimani. Zilikuwa sauti za wanaume, wakiimba nyimbo za kuwakejeli Wagogo, zile ambazo mtani huziimba msibani. Kila mtu akainua kichwa. Yule mkaguzi akaruka pembeni. Kwenye kona ya mwisho kikatokea kiberenge, kile kigari cha mafundi wa njia, kinateremka mlima kwa kasi, kimejaa watu. Nyapara wa njia wa Masolo, Mnyamwezi aliyeitwa Mihambo, alikuwa amening'inia kwenye breki kwa uzito wake wote na kiberenge kilikuwa bado hakimsikii. Kilipita daraja, kikapiga kelele za chuma, kikaanza kulegea kilipofika tambarare, kikasimama mbele ya injini ya Chilongani, karibu kiasi cha kupeana mkono.

Shingoni mwa Mihambo kilikuwa kinaning'inia kijiti.

Watani kule juu walikuwa wamechoka kumngoja mfiwa. Wakasema, kama mtoto hafiki, watani watamfuata, na watamtoza kuku kwa kuchelewa. Mihambo alikuwa mtani lakini hakuwa mjinga. Asingekiweka kiberenge relini bila kijiti, basi alipita stesheni, akakuta ofisi haina mtu kwa kuwa Mloka bado alikuwa msibani, akakichukua kijiti kwenye msumari. Kosa lake ni kwamba hakumwachia mtu neno. Moyoni alitulia kabisa, maana mwenye kijiti ndiye mwenye njia. Na mbele kabisa ya kiberenge, miguu ikining'inia nje, walimketisha mtu wa kuwathibitishia wenyeji wa Chibwe kwamba ni msiba kweli. Alikuwa Ndahani Mlewa, mdogo wake Chilongani, mwanaume pekee aliyebaki naye katika nyumba ile.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kiberenge kisingesimama kwenye mteremko ule, na treni isingesimama kwenye kona zile. Bi. Matika alikwenda kwa Ndahani akamshika uso kwa mikono miwili, akawa anamtaja jina lake tu. Abiria waliokuwa wakipiga kelele walirudi kwenye mabehewa mmoja mmoja.

Kasanda alikipokea kijiti kutoka kwa Mihambo. Akalikosa tundu la mashine mara mbili, ikabidi Chilongani amsaidie. Kikaingia. Kengele ikapigwa, Mloka akabonyeza kule juu, na kijiti kile kile kikachomoka kama kilivyotakiwa tangu mwanzo. Wakakinyanyua kiberenge nje ya reli, watani wakapanda treni, na Chilongani akaupanda mlima kijiti kikiwa kimelala kwenye mapaja yake. Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima walipofika. Alimzika baba yake mwenyewe, udongo wa kwanza ulitoka mkononi mwake.

Watani ni watani. Jioni ile ile habari ilikwisha zunguka msibani, na safari hii Wagogo ndio waliopata la kusema. Tangu siku ile kila Mnyamwezi aliyekuja na neno lisilo na ushahidi, awe anasema ng'ombe ni wake au mchumba amekwisha mkubali, alijibiwa kwa maneno yale ya Chilongani. Neno likapanda treni, likashuka kila stesheni. Kasanda mwenyewe alitaniwa nalo mpaka akastaafu, na alipokuwa akiwafundisha kazi wakuu wapya wa stesheni, ndilo lilikuwa somo lake la kwanza. Hakuona haya. Rafiki yake alikuwa hai.

Ndahani nilikuja kuolewa naye baadaye. Naam, huyo ndiye babu yenu. Kwa hiyo karanga mnazobangua, na hayo meno mnayotafunia kwa siri mkidhani sioni, yote yalipita kwenye tundu la ile mashine.

Shemeji yangu Chilongani alipozeeka nilimwuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa moyoni miaka yote. Nilimwuliza siku ile alijuaje. Labda alihisi kitu, labda damu ilimwita, maana ndugu ni ndugu. Akamaliza kwanza ugali wake, kama kawaida yake, akanawa mikono.

"Sikujua chochote, shemeji," akaniambia. "Nilimwamini Kasanda kabisa. Hakusema uongo, aliapa kwa alichokijua. Mimi nami ningeapa hivyo hivyo. Ningejua kilichokuwa nyuma ya kona, ningekuwa na haja gani na kijiti?"

Basi msimwambie mtu neno hili kwa nia ya kumwita mwongo. Mwambieni mnayempenda, na mkubali kuambiwa naye. Mtu huapa kwa yale anayoyaona, na njia ina kona. Kiapo si kijiti.