Kindi na Walinzi wa Paji

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walialikana harusini na kuzikana, palikuwa na bonde moja lenye nyasi nzuri na kijito kisichokauka. Sogeeni, wanangu. Na wewe uliye nyuma, acha kumfinya mwenzio. Hadithi hii haina vicheko vingi, na mimi mwenyewe kila nikiisimulia husikitika kidogo.

Bonde hilo lilikuwa na adui mmoja, mbwamwitu. Kila kiangazi walikuja kundi zima, wakabeba watoto. Wanyama walipiga mayowe, wakakimbia, wakarudi kulia matanga, na mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale.

Ndipo wanyama saba wenye nguvu wakapanda Mwamba Mweusi: Nyati, Tembo, Chui, Faru, Ngiri, Kiboko na Nyumbu. Walifunga siku saba bila kula wala kusema. Waliposhuka walikuwa na uwezo wa ajabu. Mmoja wao akigusanisha paji lake la uso na paji la mnyama yeyote, aliyasikia yote anayoyawaza mnyama huyo. Na wote saba wakikaa duara na kuunganisha mapaji yao, waliweza kumtumia adui hofu, nayo ikampata popote alipo.

Kiangazi kikaja, na mbwamwitu nao wakaja.

"Wako wangapi?" aliuliza Nyati.

"Wengi. Wala usihesabu," alisema Tembo. "Lete paji."

Wakainamisha vichwa. Kimya! Ghafla, ng'ambo ya kijito, mbwamwitu wa mbele akasimama tisti. "Uwiii!" akalia, akageuka, akamgonga wa nyuma yake, puu! Kundi zima likatimua mbio, vumbi likatanda. Halikumwagika hata tone moja la damu.

Lo, furaha ya siku hiyo! Mama waliopoteza watoto walilia upya. Wanyama wakawaita wale saba Walinzi wa Paji, wakawapaka udongo mweupe pe kwenye nyuso zao. Ikawekwa na sheria kwamba paji lenye udongo haliguswi, yaani mlinzi hausomi moyo wa mlinzi mwenzake. Walipewa heshima, na walistahili.

Miaka ikapita. Mbwamwitu hawakuonekana tena. Walinzi wakakaa mwambani, wakaletewa chakula, wakanenepa, wakachoka kukaa bure.

"Adui wa nje amekwisha," alisema Nyati, mkuu wao. "Sasa tumtafute wa ndani."

Wakaanza kuwaita wanyama mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Swala.

"Umewaza kuiba maboga ya Nungunungu," alisema Nyati alipomaliza kumsoma.

"Nimewaza tu, mkuu! Nilikuwa na njaa. Lakini sikuiba, muulize Nungunungu!"

"Kwetu sisi kuwaza na kutenda ni mamoja."

Wakamtupa katika shimo lililokuwa chini ya mwamba. Lilikuwa refu, na kuta zake za mawe laini hazikushikika hata kwa kucha. Baada ya Swala akaingia Sungura, na baada yake Kanga na wanawe. Bonde likanyamaza. Wanyama walijaribu kutowaza kitu, na mnajua wenyewe kwamba hilo haliwezekani.

Zamu ikamfikia mume wa Kindi. Walikuwa wanyonge, yeye na mkewe, wenye nyumba ndogo mtini na akiba yao ya kokwa.

"Jana nilipokuwa napanda mwamba, wewe uliwaza nini?" aliuliza Nyati.

"Si umeshanisoma, mkuu?"

"Sema kwa kinywa chako."

"Niliwaza, laiti ungejikwaa."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nimechoka kuinama."

Naye akatupwa shimoni.

Kila asubuhi Kindi alikwenda ukingoni, akamdondoshea kokwa mbili tatu.

"Baba watoto, umeamkaje?"

"Nimeamka mkavu, namshukuru Mungu. Lakini mke wangu, hiyo ni radi?"

"Iko mbali."

"Leo iko mbali," alijibu mumewe.

Kindi akatazama milimani. Mawingu yalikuwa yamejaa. Alijua, kama kila mnyama alivyojua, kwamba masika yakianza shimo lile hujaa maji mpaka juu. Aliogopa sana. Akalia pale pale ukingoni, kisha akajifuta, akapanda mwambani bila kuitwa.

"Hodi!"

"Nani?" alinguruma Chui.

"Mimi, mke wa yule mliyemtupa jana juzi."

"Hukuitwa wewe."

"Najua. Nimejileta."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuwavunja."

Walinzi wakatazamana, wakaangua kicheko. Kwa kwa kwa! Faru alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe hujazi hata kiganja! Kwa silaha gani?"

"Kwa wazo moja. Liko hapa kwenye paji langu. Sikulificha, someni."

Tembo peke yake hakucheka. "Ndugu zangu, tusimsome," alisema. "Tumpe mumewe, aende zake."

"Mlinzi amwogope kindi?" alisema Nyati. Akainamisha kichwa chake kikubwa, paji likamfunika Kindi mwili mzima. Kindi hakusogea.

Nyati akainua kichwa polepole. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Umeona nini?" waliuliza wenzake.

"Anaamini kwamba kati yetu yupo anayewaza kukikalia kiti changu."

"Nani?"

"Hajui ni nani. Lakini anaamini kwa moyo wake wote. Hana uongo."

"Huo ni mtego!" alisema Ngiri.

"Ni mtego, ndiyo," alisema Kindi. "Si nimesema tangu nabisha hodi? Sasa sikilizeni. Mume wangu ameadhibiwa kwa wazo. Kama sheria ni moja kwa wote, somaneni. Mkikuta mioyo yenu yote saba ni safi, nitaruka shimoni mwenyewe, na mvua inikute humo. Mkikuta hata mmoja amewaza vibaya, nipeni mume wangu."

Radi ikanguruma, ngurungundu! Sasa haikuwa mbali.

"Mimi sina la kuficha," alisema Chui.

"Nani amekuuliza?" alisema Nyati.

"Mbona unanitazama mimi, basi?"

"Mbona umewahi kujibu?"

"Ona, mkuu anajitetea!" alisema Kiboko.

"Osheni udongo!" alifoka Nyati. "Wote! Sasa hivi!"

"Nyati, ndugu yangu," alisema Tembo kwa upole, "tukiuosha leo hatutaupaka tena."

"Nimesema osheni!"

Wakashuka kijitoni, wakaosha nyuso zao, chubwi, chubwi. Maji yakawa meupe. Kisha wakaanza kusomana, Nyati na Chui wakiwa wa kwanza.

"Umewaza nife!" alipiga kelele Nyati.

"Na wewe umewaza kunituma mpakani peke yangu nikaliwe!"

"Kiboko, kumbe mimi ni mpumbavu?" aliuliza Faru.

"Kumbe mimi nanuka?" alijibu Kiboko.

Ngiri alikuwa amewaza kuchukua sehemu ya chakula cha wenzake. Nyumbu alikuwa amewaza kutoroka tangu siku ya kwanza. Hakupatikana hata mmoja aliyekuwa safi. Mwisho wakamgeukia Tembo.

"Msihangaike kunisoma, nitasema," alisema Tembo, na machozi yakamtoka. "Kila siku nimewaza kwamba tunalolitenda ni dhuluma. Nikawaza hivyo, nikala, nikalala. Langu ni baya kuliko yenu yote."

Kwa sheria yao wenyewe walipaswa kuingia shimoni wote saba, na hakubaki wa kumtupa mwenzake. Tone la kwanza la mvua likaanguka. Likafuata la pili.

Tembo akaenda ukingoni mwa shimo, akashusha mkonga wake. Akamtoa mume wa Kindi, akamtoa Swala na Sungura, akamtoa Kanga na wanawe. Walitoka wamekonda, macho yakiwauma kwa mwanga. Kindi akamkumbatia mumewe.

Walinzi wakajaribu mara ya mwisho. Wakakaa duara mvuani, wakainamisha vichwa. Lakini kila mmoja aliogopa atakalolisikia, na kabla mapaji hayajagusana kila mmoja akarudisha kichwa nyuma. Wakainuka. Nyati akaenda upande wake na Chui upande wake, na tangu siku hiyo hawakukaa pamoja tena.

"Umewashindaje wale?" aliuliza mume wa Kindi walipofika nyumbani.

"Sikuwa na uchawi wowote. Nilijua tu kwamba nao wanawaza kama sisi."

"Na mbwamwitu wakirudi?"

Swali hilo lilikuwa limemchoma Kindi tangu mwambani.

"Tutajilinda wenyewe," alisema. "Kwa macho na masikio. Zamu yako ni kesho alfajiri."

"Mimi? Hata sijapumzika!"

"Umepumzika shimoni siku ngapi?"

Sitawadanganya, wanangu. Kiangazi kilichofuata mbwamwitu walirudi. Wanyama walishika zamu, wakapigiana kelele za hatari, wakaokoa watoto wengi, lakini si wote. Kindi alilia pamoja na waliofiwa, na hakuna mama hata mmoja aliyemwambia awarudishe Walinzi mwambani.

Na mimi ninaishia hapo, niwaachie neno moja tu: usimwadhibu mwenzako kwa analoliwaza, kwa maana hata wewe unawaza.