Machozi ya Siku ya Wazazi

Alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ndugu zangu, ambaye alikuwa amechoka. Sisemi alikuwa mbaya. Naomba mlishike hilo tangu sasa, maana mfano huu ukiusikiliza kwa haraka utamhukumu, na mimi sikupanda hapa kumhukumu mtu. Alikuwa amechoka tu, ule uchovu ambao mtu analala nao, anaamka nao, anavaa nao viatu na kwenda nao kazini. Kuna asiyeujua humu ndani?

Asubuhi alifundisha darasa la tatu, watoto wamebanana kwenye madawati kama magunia ghalani. Mchana alisahihisha madaftari. Na jioni, wenzake wakishachukua mikoba yao, yeye alibaki na klabu ya maigizo ya watoto wadogo. Hakuiomba. Mwalimu mkuu aliuliza kikaoni nani ataichukua, walimu wote wakainamisha macho mezani, na yeye akachelewa kuinamisha ya kwake. Mnacheka, lakini katibu wa kwaya yetu mlimpata kwa njia hiyo hiyo.

Mwanzoni aliipenda ile klabu. Watoto walikuja mbio, mashati yametoka nje, wakaigiza simba, wakaigiza daktari, wakaigiza mama anayegombana na muuza mkaa. Walisahau maneno wakatunga mengine, naye alicheka nao mpaka akasahau kurudi nyumbani. Kisha siku ya wazazi ikakaribia. Mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamweleza kwamba mwaka huu mgeni rasmi ni mtu mzito kutoka wilayani, na kwamba shule inataka kumwomba madarasa mapya. Kwa hiyo lipatikane igizo litakalomgusa moyo, ili akiombwa asikatae. Aliyasema haya kwa upole sana. Mwalimu wetu akatoka ofisini amebeba kichwani madarasa ambayo hayajajengwa.

Akakaa akatunga igizo. Lilihusu mama mmoja ambaye mumewe alisafiri kwenda kutafuta kazi. Mama anangoja na watoto wake, kila siku anawaambia baba yenu atakuja kesho, na mwishoni jirani anaingia na taarifa kwamba yule mume amefariki huko huko. Hapo mama aanguke, alie, na wazazi walie naye. Igizo zima lilikuwa linaelekea kwenye kile kilio.

Nafasi ya mama alimpa Tumpe, mtoto wa darasa la nne, mtulivu, mwenye sauti inayofika mpaka nyuma bila kupiga kelele. Maneno aliyashika kabla ya wengine wote. Alipowaambia wale watoto wake wa igizo kwamba baba atakuja kesho, hata watundu waliokuwa wakichungulia dirishani walinyamaza. Mwalimu akajisemea kwamba sasa Mungu amemwonea huruma, kazi imepata mwenyewe.

Lakini walipofika kwenye taarifa ya msiba, Tumpe hakulia. Jirani aliingia akasema yake. Tumpe akamtazama kidogo, kisha akainama, akaanza kuokota vikombe vya plastiki vilivyokuwa sakafuni, kimoja kimoja, akivipanga kwenye beseni. Mwalimu alidhani amesahau, akamwelekeza. Wakarudia, naye akaenda tena kwenye vikombe. Kesho yake ikawa vile vile. Wenzake wakaanza kusukumana na kuulizia saa ya kwenda nyumbani. Mwalimu, ambaye kufikia saa hizo miguu ilikuwa imemvimba, akamshika mtoto bega na kumvuta pembeni.

"Tumpe, hapa umeambiwa mume wako amekufa. Mbona hulii?"

Mtoto akatazama chini. "Mwalimu, mama alipofariki mimi sikulia. Nilikuwa naokota vikombe vya wageni, naviosha. Vikiisha naanza tena."

Msidhani mwalimu hakuelewa. Alielewa. Alijua pale pale kwamba mtoto huyu amemletea jambo la kweli kuliko yote aliyoyatunga yeye. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usikimbilie kujibu. Kumbuka ile miguu. Kumbuka madaftari ambayo hayajasahihishwa, mgeni rasmi, na yale madarasa. Kuna siku mtu anaelewa kila kitu na bado hana nguvu ya kukitendea haki.

Akamwambia kwa sauti ya chini, "Nimekuelewa, mwanangu. Lakini mgeni rasmi hataelewa."

Akamvua kanga ya mama na kumfunga Sekela, rafiki yake Tumpe anayekaa naye dawati moja. Kisha, mbele ya watoto wote, akasema kwamba muda umekwisha, na atakayeshindwa kulia naye atatolewa kama Tumpe alivyotolewa. Wakati anasema hivyo alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba anatafuta ufunguo wa darasa. Hata hakuyasikia vizuri maneno yake mwenyewe. Tumpe akapewa kazi ya kuingiza mabenchi na kuyatoa. Hakununa. Jioni zote za mazoezi alikuja kama kawaida, akabeba mabenchi yake, akasimama pembeni kuangalia.

Siku ya wazazi ikafika, uwanja ukajaa. Igizo likaenda vizuri, na Sekela alipoletewa taarifa alianguka chini akalia. Wapendwa, ule haukuwa uigizaji. Machozi yalimtoka yakachanganyika na vumbi usoni, mabega yakatikisika, pumzi ikawa inamkatika. Akina mama wakavuta ncha za kanga kufuta macho. Mgeni rasmi alitoa leso. Aliposimama kuhutubia akasifu kipaji cha yule mtoto, akasifu malezi ya shule, na madarasa akayaahidi hadharani. Vigelegele vikapigwa. Mwalimu mkuu akamshika mwalimu wetu mkono, akautikisa mpaka ukamuuma.

Mwalimu wetu hakusikia furaha. Alichosikia ni kwamba limekwisha, leo atalala. Akazunguka nyuma ya darasa, mahali watoto walipokuwa wakivua nguo za igizo, akamkuta Sekela amekaa juu ya tofali peke yake. Bado alikuwa analia. Makofi yamekwisha, mgeni amekwenda kuandaliwa chakula, na mtoto bado analia.

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Umefanya vizuri sana, mwanangu. Ulikuwa unamkumbuka nani?"

Sekela akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sikuwa namkumbuka mtu, mwalimu. Nilikuwa naogopa kutolewa."

Mwalimu alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na sketi yake ya sherehe. Baadaye alimwita Tumpe, akawaomba radhi wote wawili. Aliwaambia amemnyamazisha mmoja kwa sababu alisema kweli na amemliza mwingine kwa hofu, na kwamba yote mawili aliyafanya yeye, si mgeni rasmi wala si mwalimu mkuu. Watoto wakatazamana. Mwishowe Sekela akauliza kama sasa wanaweza kwenda kula wali. Akawaruhusu. Wakaondoka wameshikana mikono, na yeye akabaki pale kwa muda mrefu, anasikiliza watu wakimtafuta wampongeze.

Sasa sisi. Tumwache mwalimu apumzike, tujitazame sisi.

Sisi tunapima toba kwa machozi. Mtu akija hapa mbele akalia mpaka akaanguka, tunasema huyu Roho amemshukia, tunampa na nafasi ya kushuhudia. Na yule dada ambaye tangu amzike mtoto wake anakuja alfajiri kufagia kanisa hili, hasemi neno, tumemsema nini? Tumemsema moyo wake ni mgumu. Wengine tumemsema hakumpenda marehemu. Nani alituambia maumivu yote yana sauti moja?

Halafu hatukuishia hapo. Tumewafundisha wengine kulia. Majumbani mwetu mtoto anajua usiku baba akirudi ni lazima acheke, asipocheka ataulizwa ana kiburi cha nani. Mke anajua mbele ya wageni ni lazima aonekane ana raha. Na humu ndani, humu humu, wapo watu ambao kila Jumapili wananyoosha mikono juu, wanatoa machozi ya kweli kabisa, na ukichuchumaa mbele yao ukawauliza, watakwambia wanaogopa kutolewa. Kutolewa kwenye kwaya, kwenye kikundi cha akina mama, kwenye mapenzi ya mchungaji. Nasi tukiwaona tunasema ibada ya leo ilikuwa na moto.

Na hatukufanya hivyo kwa ubaya. Tumechoka. Mtu aliyechoka anataka wenzake wawe rahisi: mwenye huzuni alie, mwenye furaha acheke, upesi, tufunge mlango twende nyumbani. Mimi pia nimechoka, mnaniona. Lakini Mungu hachoki jinsi tunavyochoka sisi. Yeye anaweza kukaa na mtu asiyelia mwaka mzima, wala hamharakishi.

Kwa kawaida saa hii ningewaita watu waje mbele. Leo sitamwita mtu. Kaeni hapo hapo mlipokaa. Mwenye machozi alie, asiye nayo anyamaze, na aliyechoka aegemee benchi. Hakuna atakayetolewa.