Paa Jipya, Matundu ya Zamani

Mtu mmoja alikuwa na miguu isiyojua kukaa. Jina lake Zefania. Chakula alikula amesimama, barua alizisoma akitembea, na ukimwita umsimulie jambo, kabla hujafika katikati ameshakushukuru na kuondoka zake. Shirika moja la misaada lilimpenda sana kwa miguu hiyo. Likampa kazi ya kujenga shule, likamwambia masika yasiikute haina paa.

Mahali penyewe palikuwa kati ya vijiji viwili, Kilimani na Bondeni. Mwaka uliotangulia vijiji hivyo vilipigana kwa ajili ya malisho. Watu wa Bondeni ndio waliotangulia kumwaga damu, tusiwasafishe. Watu wa Kilimani ndio waliomalizia. Walishuka asubuhi, Bondeni nzima ikakimbia mikono mitupu, na wenyewe waliporudi baada ya miezi mingi walikuta kuta tupu, mapaa yameshabebwa. Hayo kila mtu pale aliyajua. Hata Zefania aliambiwa siku ya kwanza, ila aliambiwa huku anapima msingi.

Msimcheke, ndugu zangu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kutoka jasho. Aliwaita watu wa vijiji vyote viwili, wakafyatua tofali pamoja, na kuta zikapanda. Miongoni mwao alikuwamo Perusi, mjane wa Bondeni, aliyekuwa akiishi chini ya turubai na binti yake Melania, mtoto wa miaka tisa. Mumewe aliuawa katika vita vile. Perusi hakujua kusoma hata jina lake, na alikuwa ametaka kitu kimoja tu duniani, Melania ajue. Kwa hiyo ukuta wa mashariki aliukandika kwa mikono yake mwenyewe, akaulainisha mpaka ukawa unatamanika kuguswa. Akawa anamwambia binti yake, "Wewe utakaa hapa, karibu na ukuta wangu."

Ikabaki paa. Lori la mabati likakwama ng'ambo ya daraja lililovunjika, na mawingu nayo yakaanza kujikusanya. Zefania akawa anazizunguka kuta zile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo Obadia, fundi wa Kilimani, akamwambia, "Mabati yapo, bosi. Yametumika kidogo tu."

Zefania akafuatana naye kuyatazama. Yalikuwa yamepangwa nyuma ya ghala, yamefunikwa majani ya migomba, na kila moja lina matundu ya misumari ya zamani. Akauliza maswali matatu. Ni mangapi? Unene wake ni geji gani? Yatafika lini? Obadia akayajibu yote matatu, halafu akabaki amesimama, kofia mkononi, akisubiri swali la nne. Alilisubiri kweli, na uongo wa kulijibu alishauandaa. Lakini Zefania alikuwa ameshafika barabarani.

Shule ikaezekwa kwa siku tatu. Juu wakapaka rangi ya buluu, na ukiitazama kwa mbali ungesema ni mpya kabisa. Watoto wakaja kutoka pande zote mbili, wakajazana madawatini, na Zefania akasimama mlangoni akiwahesabu kwa kidole, moyo wake umejaa mpaka machozi yakamlengalenga. Lakini kesho yake watoto wa Bondeni walikuwa wamepungua. Keshokutwa wakapungua tena. Ilipofika Ijumaa alibaki mmoja tu, Melania, amekaa karibu na ukuta wa mama yake.

Hapo ndipo miguu ile ilipopata kazi. Zefania akaleta uji, Bondeni hawakuja kuunywa. Akaleta madaftari na kalamu za rangi, hawakuja. Akafunga kipaza sauti juu ya gari, akazunguka kijiji chao akiwatangazia faida za elimu, nao wakamtazama tu wakiwa wameketi mbele ya maturubai yao. Hakuna aliyemtukana, na hilo likamsumbua kuliko matusi. Akasema moyoni, hawa watu hawana shukrani. Akasema tena, labda uji ulikuwa mwepesi. Kila jioni aliandika taarifa kwa shirika kwamba kazi inaendelea vizuri, na kila akimaliza kuiandika alijisikia vibaya bila kujua kwa nini.

Shirika nalo likafurahi, likamwagiza ajenge shule ya pili. Zefania akamwendea Obadia, akamuuliza kama mabati mengine yapo. Obadia akasema, "Yatapatikana."

Yatapatikana! Jamani, lisikilizeni neno hilo. Juu kidogo ya Bondeni palikuwa na kitongoji cha Mgongoni, ambacho vita havikukifikia. Watu wake walikuwa wamekimbia kwa hofu tu, na nyumba zao zilikuwa zimesimama na mapaa yake, zikiwangoja wenyewe warudi kabla ya masika. Wiki ile zikaanza kuvuliwa moja moja. Vita vilikuwa vimekwisha, ila sasa bati la jirani lilikuwa limepata mteja. Na mteja mwenyewe ni yule yule mtu mwema, anapita barabarani mbio mbio na karatasi zake, anawapungia watu mkono.

Siku moja, saa nne asubuhi, Zefania alipita darasani. Mwalimu alikuwa akisomesha silabi, watoto wa Kilimani wanaitikia, na jua linaingia kwa vidoti vidoti kupitia matundu ya paa. Melania hakuwa anaitikia. Alikuwa anatazama juu, mahali bati linaposhuka kukutana na ukuta. Kisha akapanda juu ya dawati, akanyoosha mkono mpaka akalifikia. Hapo palikuwa na donge la lami lililoziba tundu, na katikati ya donge pana kibonyeo kidogo. Mtoto akaweka kidole gumba katika kibonyeo kile. Kikaingia, ila kwa kubana, maana kidole kilikuwa kimekua.

Mwalimu akamkemea ashuke. Melania akamgeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hili ni la chumbani kwetu. Baba alinibeba mabegani nikaziba."

 Watoto wa Kilimani hawakushangaa, na Zefania aliona kwamba hawakushangaa. Binti wa Obadia, aliyekaa dawati la pili, aliinamia daftari lake akawa anachora mstari mmoja juu ya mstari ule ule mpaka karatasi ikachanika. Zefania akainua macho, akaanza kuyatazama mabati yale kwa mara ya kwanza. Hili lina rangi ya kijani pembeni. Lile limekatwa kwa ajili ya bomba la moshi. Kumbe alikuwa ameliezekea darasa kwa kijiji kizima.

Akatoka mbio mpaka kwenye turubai la Perusi. Alimkuta anapepeta mtama. "Mama, ulijua?"

"Nilijua siku mnayapandisha," alisema Perusi, ungo haukusimama. "Nikasema huyu ataniuliza. Nikasubiri. Wenzangu walichoka kusubiri, wakawazuia watoto wao. Mimi nilimwacha wangu aende, maana shule nyingine sina."

Maneno yale yalimchoma. Lakini mtu wa miguu hata aibu huichukulia mguuni. Hakukaa aulize neno lingine, alirudi mbio shuleni, akatoa watoto nje, akasimamisha ngazi, akapanda na nyundo akaanza kung'oa misumari. Alitaka kuyavua yote siku ile ile, ayarudishe Bondeni siku ile ile, jambo liishe alale. Bati la kwanza likaachia kwa kelele iliyosikika mpaka Kilimani.

Watu wakaja. Wa Kilimani walifika kwanza, akina mama mbele, wanapiga kelele, "Watoto wetu wamekosa nini?" Na ni kweli, walikosa nini? Mtoto wa miaka saba hakubeba bati la mtu. Nyuma ya akina mama walikuwa wanaume wenye fimbo. Halafu vijana wa Bondeni wakatokea upande wa pili, wakashangilia, "Ng'oa! Ng'oa yote!" Mmoja wao akainama akaokota jiwe, na upande wa pili nao wakaanza kuinama. Zefania huko juu, jasho linamtoka, anang'oa. Alidhani anatenda haki, kumbe anawagombanisha upya.

Perusi alipita katikati ya watu wale na ungo wake kwapani. Alipofika kwenye ngazi akauweka chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili isiteleze, akamtazama aliye juu.

"Uliezeka bila kuuliza. Sasa unaezua bila kuuliza? Wewe kesho utapanda gari lako, baba. Sisi tutabaki hapa."

Nyundo ikasimama hewani. Zefania akatazama chini, akaona fimbo, akaona mawe, akaona vichwa vya watoto katikati yake, Melania na binti wa Obadia wamebanana kwenye ukuta ule wa mashariki. Akashuka taratibu. Alipofika chini akakaa. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi. Watu walikuwa hawajawahi kumwona amekaa, na walishangaa mno hata wengine wakasahau mawe mikononi. Ndipo, kwa sauti ndogo, akauliza swali la nne.

"Mabati haya yametoka wapi?"

 Kisha Obadia akatoka kundini, kofia mkononi kama siku ile. Ule uongo wake alikuwa ameuandaa vizuri, lakini ulishalala mno, haukutoka. Akasema, "Ni ya watu."

Msidhani walikumbatiana. Walitukanana siku nane. Kila asubuhi walikaa nje ya shule, wanatajana majina ya waliokufa, na mara mbili ilikuwa karibu fimbo zinyanyuke tena. Zefania alikaa nao siku zote nane, kiuno kinamuuma, miguu inamwasha kwa kutaka kwenda. Siku ya tano wakubwa wa shirika wakafika na utepe wao wa kukata, wakakuta watu wamekaa chini na mtu mmoja yuko juu ya paa akiandika majina ya wenyewe kwa mkaa kwenye kila bati. Wakamuuliza Zefania kwa nini kazi imesimama. Akawajibu bila kunyanyuka kwamba kazi ndiyo hii. Wakatazama saa zao, wakaondoka na utepe.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Wengine wa Bondeni waliyashusha mabati yao wakaenda nayo, hawakutaka maneno zaidi, na hakuna aliyewalaumu. Wengine wakasema yakae mpaka mavuno, watoto wasome, halafu watakuja kuyachukua. Kilimani wakakata nyasi, wakaja kuziba palipobaki wazi. Ya Mgongoni Obadia aliyarudisha mwenyewe, akiyabeba kichwani mawili mawili, yamejikunja. Lakini familia moja ya Mgongoni ilikuwa imeshapata habari njiani kwamba nyumba yao imevuliwa. Waligeuza mizigo yao palepale barabarani, na mpaka leo hawajaonekana. Hilo Zefania halisahau, na mimi nisingependa asahau.

Perusi alisema bati lake libaki mpaka Melania ajue kusoma, na siku hiyo atakuja na ngazi. Watoto wa Bondeni walirudi, si wote.

Masika yakaja. Lile paa la bati na nyasi lilivuja kila mahali, matundu ya zamani yakamwaga maji juu ya madaftari, na palikuwa na sehemu moja tu kavu, pale karibu na ukuta wa mashariki, kwa sababu baba mmoja na binti yake waliwahi kuziba vizuri. Kila mvua iliponyesha watoto wa pande zote mbili walijibana pale, chini ya kidole gumba cha Melania, na binti wa Obadia akiwa miongoni mwao.

Basi nawauliza ninyi wenye huruma na haraka, mnaowajengea watu: mabati mliyoyapigilia juu ya vichwa vya watoto wao, ni ya nani?