Upawa wa Bibi Afya

Wapo watu wenye macho makali kama ya mwewe, lakini ni ya kuchungulia ua wa jirani tu. Wa kwao hata ukioza hawauoni. Mmoja wao ni Donatus, mjumbe wa kamati ya usafi ya mtaa wetu hapa Kishapu.

Jirani yake ni mjane Apolonia, tunayemwita Mama Lusia. Ukame wa miaka ile ulipomaliza ng'ombe wa marehemu mumewe, yalibaki mabirika mawili ya bati waliyonyweshewa. Mama Lusia hakuyauza kwa wanunua vyuma chakavu. Aliyajaza maji, akapanda yungiyungi, akafuga samaki wa dhahabu aliotumiwa na bintiye kutoka Mwanza. Walianza sita, sasa ni arobaini. Akigonga ukingo kwa kijiko, wote huja juu midomo wazi, naye hucheka peke yake. Ua uliokuwa kimya ulipata uhai tena.

Basi mjukuu wa Donatus akaugua malaria mara mbili mfululizo. Asubuhi moja Donatus akamvamia Mama Lusia bila hata salamu.

"Mama Lusia, unatufugia mbu! Hadi kesho jioni maji haya yawe yamemwagwa, la sivyo kamati itakuja kuyamwaga!"

"Yaya, hapana! Simwagi!" Mama Lusia alifoka. "Samaki wangu wafe kwa maneno matupu? Mlete bibi afya apime!"

Kesho yake Agnetha, bibi afya wa kata, alifika na upawa wake mweupe wa kupimia. Majirani tulijaa uani. Alichota birika la kwanza, akachota la pili, akarudia mara tano.

"Hakuna hata kiluwiluwi mmoja wa mbu," alisema. "Samaki hawa wanawala wote. Mbu wanatoka kwingine."

"Basi tuvuke ua hadi kwa Baba Fredy," Mama Lusia akasema.

Ghafla Donatus akawa na safari. Mara ufunguo wa lango umepotea. Ufunguo gani, na lango lenyewe ni la miiba! Tukaingia. Nyuma ya choo palikuwa na mapipa matatu yaliyokatwa nusu, aliyooshea mchanga wa dhahabu enzi zake za machimboni Mwakitolyo, yamejaa maji ya mvua. Agnetha alichota mara moja tu. Upawa ulijaa viluwiluwi wakijinyonganyonga.

"Mzee, mbu waliomuuma mjukuu wako umewalea mwenyewe. Mwaga sasa hivi, tukiona."

Akamwaga, mtu mzima na heshima zake, jasho likimtiririka. Kuomba radhi? Thubutu! Alinung'unika tu kwamba vyombo vya nyuma ya nyumba mtu husahau.

"Vyangu hukuvisahau, Baba Fredy," Mama Lusia alimjibu. "Ungeniulia samaki wangu wote, na mtoto angeendelea kuugua!"

Hakika, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.